Pima Mbili za Ukili

Kwaru, kwaru, kwaru.

Mpaka leo nikifumba macho naisikia. Ni sauti ya miyaa mikavu ya ukindu ikipishana vidoleni mwa mtu anayesuka ukili, ule mkanda mrefu unaoshonwa na mwenzake mpaka ukawa mkeka. Ni sauti ndogo, ya kusikika barazani mchana, watu wakiwa wamelala. Mimi niliisikia ndani ya ukumbi uliojaa, sikukuu pili, siku ya pili ya Idi, baada ya sala ya alasiri, nikiwa nyuma ya pazia na roho yangu mkononi. Niliisikia kwa sababu watu wote walikuwa kimya. Na aliyekuwa akisuka ni mtu ambaye, miaka yote niliyomjua, mchezo ukifika pahala pale mikono yake ilikuwa ikitulia na mwenyewe akisimama.

Jina lake sitolitaja, na sidhani kama angependa. Mtaani kwetu Tibirinzi sote tulimwita Bi Mikeka. Nyumba yake na yetu zilipeana mgongo, jiko kwa jiko. Yeye akikaanga pilipili, sisi tunapiga chafya. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, hayo nawaachia wanaoyajua. Mimi namjua kwa vidole vyake.

Vidole vile vilikuwa havijui kukaa. Arusini anasuka, hospitali kwenye foleni anasuka, msibani anasuka mpaka aambiwe dua inaanza. Siku moja nilimkuta barazani kasinzia, kichwa kimelala begani, vidole vinakwenda.

"Bibi, umelala," nikamwambia.

"Mie nimelala," akajibu bila ya kufumbua macho. "Mikono haijalala. Usiisemeshe ikapotea hisabu."

Na ukumbini alikuwa akija na miyaa yake vile vile. Ule ukumbi wetu ni wa skuli ya zamani, bati limetoboka hapa na pale na jukwaa ni la saruji. Wanaume wanakaa kwenye mabenchi upande wa kulia, wanawake chini upande wa kushoto, juu ya mikeka aliyoisuka yeye. Pahala pake palikuwa chini ya dirisha lisilo kioo, safu ya mbele. Hata akichelewa, hapakaliwi. Mtoto akikaa pale anavutwa sikio na mama yake.

Basi sisi wapenda michezo tulikuwa tukimwangalia mkononi kabla ya kumwangalia usoni. Mchezo ukiwa mbovu, Bi Mikeka anatoka na ukili mrefu. Mchezo ukiwa mzuri, anatoka na kile kile alichoingia nacho, kwa sababu mikono imesahau kazi. Kuna mwaka kikundi kimoja kutoka mjini kilileta vichekesho, watu wakacheka mpaka wakalia machozi. Alipotoka nikamuona kakunja ukili shingoni kama shada. Pima nzima!

"Bibi, hukufurahi?"

"Nimefurahi sana, mwanangu. Nimemaliza kazi ya kutwa."

Hakuwa mtu mwepesi, nisije nikampamba. Alikuwa na roho ya kukunjua na mkono wa kufumba. Ukimwomba chumvi anakupa, lakini anasimama mlangoni akuone unavyotia. Alikataa katakata kupigwa picha, akisema uso wake si wa kuzurura kwenye simu za watu, kisha kila mwisho wa mchezo akanivuta pembeni: "Hebu n'onyeshe hiyo vidio. Nimetokea?" Nikimwambia hakutokea, ananuna.

Kubwa zaidi, alichukia uongo. Mimi nilipofeli kidato cha pili nikawaambia majirani kuwa nimeacha kwa maradhi, ni yeye tu aliyeniita jikoni kwake. Akanitilia chai, akanisogezea mkate wa mofa, akasema, "Feli, ufeli kwa kichwa juu. Mtu hafi kwa mtihani. Lakini maradhi ukiyaita yana masikio." Nikalia, nikala mkate, nikacheka. Kutoka siku ile sikusema uongo mbele yake, na ndiye wa mwanzo niliyemwambia ndoto yangu kuwa nataka kuwa mtengezaji wa michezo ya jukwaani, mimi muuza juisi ya ukwaju mwenye ndoo mbili na birika. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Na mavazi utamshonesha nani?"

Sasa, mtu huyu asiyetaka uongo hata wa adabu, kila sikukuu pili alisimama mbele ya kadamnasi akatoa ushahidi wa jambo asiloliona.

Nieleze. Kwetu kuna mchezo mmoja mkongwe, wengi tunauita mchezo wa Mjane. Uliandikwa na walimu wa zamani sana, na karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Mwanamke kafiwa na mume, shemegi yake kamnyang'anya shamba la mikarafuu, kesi imefika kwa kadhi. Kadhi anamuuliza: "Mwanamke, shahidi wako nani?" Karatasini, mjane anainamisha kichwa, hana mtu, na kadhi anampa shemegi shamba. Umekwisha.

Lakini ukumbini kwetu haukuwa ukiisha hivyo. Kadhi akiuliza tu, Bi Mikeka anaweka miyaa chini, anashika ukuta, anasimama. Wanawake wote nyuma yake wanasimama. "Sisi hapa!" Bati linatikisika. Na kadhi, awe nani na iwe mwaka gani, inabidi amrejeshee mjane shamba lake, kwa maneno ya kubuni papo hapo, na shemegi anatolewa kwa vigelegele na maganda ya njugu. Tangu nipate akili mjane hakuwahi kushindwa. Kila mtu akijua kuwa wanawake wasiposimama, karatasi ndiyo itakayofuatwa. Wala hakuna aliyefikiri siku hiyo itafika.

Mwalimu wa chuo chetu, aliyetusomesha Kurani sote, alikuwa akimtania kila mwaka mlangoni.

"Bi Mikeka, na mwaka huu umekuja kutoa ushahidi wa uongo?"

"Mie siapi, mwalimu. Nasimama tu."

"Kusimama nako ni kusema!"

"Basi na weye ulivyokaa, umesema nini?"

Mwalimu anacheka, anajifunika uso kwa leso, anakwenda benchini kwake.

Mama Neema naye aliingia katika habari hii kwa kukosea. Ni jirani yetu wa upande wa barabarani. Mumewe mtumishi wa serikali, wametoka bara, wao Wakristo. Mwaka wao wa kwanza alikuja kwenye mchezo na sahani ya vitumbua vya kutuzawadia sikukuu. Wanawake waliposimama, maskini, yeye akadhani hii ni kesi kweli na wale ni mashahidi kweli. Akasimama akapaza sauti: "Hata mimi nilimwona huyo baba! Alikuwa anapima lile shamba kwa miguu!" Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Kumbe alimuona mchezaji wetu akifanya mazoezi uwanjani. Mama Neema alitamani ardhi ipasuke, lakini Bi Mikeka alimshika mkono akamkalisha mkekani kwake, akawageukia waliokuwa wakicheka: "Mnacheka nini? Huyu ndiye pekee aliyeona kitu." Tangu siku hiyo Mama Neema alikaa pale pale, goti kwa goti naye, kila mwaka.

Mwaka jana vijana wenzangu walinikabidhi mchezo wa Mjane nikaugeuze uwe wa kisasa. Sikulala kwa furaha. Nikamvisha shemegi miwani ya jua, akaingia ukumbini kwa pikipiki akipiga honi. Shamba likawa kiwanja cha ufukweni kinachotakiwa na mtu wa hoteli. Mjane nikampa simu ya kupangusa na mkoba wa kazini. Kadhi, mtoto wa ammi yangu, nikamtoa kilemba nikamvika koti na tai, mbele yake kompyuta.

Nilikwenda kwa Bi Mikeka kumuomba ruhusa. Alisikiliza, anasuka.

"Na suali la kadhi litakuwepo?"

"Litakuwepo, bibi."

"Basi wavishe utakavyo."

Siku ilipofika, watu walinipa raha kuliko nilivyoota. Pikipiki ilipoingia vijana walipanda juu ya mabenchi. Mjane alipomtumia shemegi sauti kwenye simu, na sote tukasikia akimwambia "Haya, n'jibu basi, si nakuona upo hewani?", wanawake walijipiga mapaja. Kadhi alipotokea na tai, mzee mmoja alisimama, akasema kwa sauti, "Mrejesheeni kadhi kilemba chake, atapigwa na baridi!" akatoka, na wazee wawili wakamfuata. Wengine wakawazomea waliotoka, wengine wakawazomea waliozomea. Mimi nyuma ya pazia nacheka, nalia, najishika mashavu.

Kisha kadhi akauliza, "Mwanamke, shahidi wako nani?"

Na hapo hapo mimi nikabonyeza simu, na spika kubwa, niliyoiweka upande wa wanawake, ikaachia muziki wa huzuni. Vinanda vikalia. Mjane akainamisha kichwa. Muziki ukaenda, ukaenda, ukaisha.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Nikachungulia. Bi Mikeka kakaa. Anasuka. Wanawake wanamtazama yeye, yeye anatazama ukili. Mtoto wa ammi yangu akageuza shingo kwenye pazia, macho yananiuliza, nifanyeje? Nikajificha nyuma ya pazia. Akafuata karatasi. Akampa shemegi kiwanja.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mjane alishindwa ndani ya ukumbi ule. Watoto walilia kikweli. Watu walitoka bila ya kuaga. Nilimtazama Bi Mikeka mkononi, nikajuta kutazama.

Siku tatu nilipita njia ya mbali ili nisikutane naye. Siku ya nne akanigongea ukuta wa jiko kwa mwiko, kama alivyokuwa akiniita udogoni. Nikaenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Na usilie kwanza, unaloa mkeka."

Akaniwekea ukili magotini. "Pima mbili. Zako hizi."

"Bibi, najua hukupenda tai, wala pikipiki..."

"Nani kakwambia? Ile pikipiki nimeipenda sana! Shemegi wa zamani alikuwa akiingia kwa miguu, hata kumchukia unachoka." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "N'ambie, ule muziki ulikuwa wa nini?"

"Wa huzuni, bibi."

"Mtu kaulizwa suali, kabla halijajibiwa weye umefungua ngoma. Tungeingilia wapi?"

Nikataka kusema kuwa filamu zote hufanya hivyo. Lakini mbele yake sikusema uongo.

"Niliogopa," nikamwambia. "Nilimvisha mjane nguo za kazini, nikamtia simu mkononi. Nikasema labda huyu hamtomsimamia. Nikaweka muziki ili mkikaa kimya isijulikane kuwa mmekaa kimya."

Mikono yake ikatulia kidogo.

"Kumbe," akasema. "Basi ulituhukumu kabla ya kadhi." Akashika miyaa tena. "Rudia mchezo, mwanangu. Muulize suali, kisha mwache. Hata tukikaa mpaka magharibi, mwache."

"Na weye utasimama?"

Akapiga magoti yake kwa kiganja, yote mawili, kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa. "Haya yamegoma. Kusimama kwangu sasa kwataka watu wawili. Ijumaa binti yangu anakuja kunichukua, nikakae naye kule Msuka. Mutajua wenyewe."

Ijumaa akaondoka kweli. Jiko lake likafungwa. Mpaka leo pilipili za kwake zinanidai chafya.

Tukarudia mchezo baada ya mavuno ya karafuu, watu wana nafasi. Pikipiki ile ile, tai ile ile. Vijana wenzangu waligombana na mimi kuhusu muziki, wakasema nitawaaibisha mara mbili. Nikawaambia aibu ya pili nitaibeba peke yangu. Spika nikaitoa upande wa wanawake. Pale chini ya dirisha hapakukaliwa. Mama Neema alikaa pembeni ya pengo, mkono wake ameuweka kwenye mkeka mtupu.

"Mwanamke, shahidi wako nani?"

Kimya.

Nikaanza kuhesabu vidole. Moja. Mbili. Wanawake wanatazama pale dirishani. Tatu, nne. Kadhi anatokwa jasho, tai imemkaba. Tano, sita. Mjane akanyanyua uso, wala karatasini hakuna hivyo, akawatazama. Mkono wa pili nao ukaniishia vidole, na simu ilikuwa mfukoni, na muziki ulikuwa ndani ya simu. Nikaishika. Wallahi niliishika.

Mama Neema akasimama.

"Mimi hapa!" akasema, kwa lafudhi yake ile ya bara. Akageuka nyuma. "Jamani, mbona mmekaa?"

Lahaula! Walisimama kama bahari. "Sisi hapa! Sisi hapa!" Na nikamuona, naapa nilimuona, mwalimu wa chuo benchini kwake, yeye ambaye miaka yote alikuwa akikaa, kasimama. Alipoona vijana wanamtazama akajifanya anaweka sawa kanzu. Lakini hakukaa.

Nikenda Msuka wiki ile ile. Nilimkuta barazani kwa binti yake, kapungua, macho yameingia ukungu, miyaa mkononi kama kawaida. Hodi yangu aliijua kabla sijamaliza.

"Karibu! Umeuza ndoo ngapi, umekuja mpaka kuno?"

Nikamsimulia yote. Alikuwa akisuka, nami nasimulia huku naviangalia vile vidole. Nilipofika kwenye kimya, vikapunguza mwendo. Nilipofika "Mama Neema akasimama," vikaacha.

"Mama Neema?"

"Mama Neema, bibi. Wa mwanzo."

Alicheka mpaka binti yake akatoka ndani kuuliza kuna nini. "Nilisema mie! Nilisema, huyu ndiye pekee aliyeona kitu!" Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nikamwambia na habari ya mwalimu na kanzu, akacheka tena, safari hii kimya kimya, kwa mabega.

Kisha nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kuuliza. Nilimwambia nimezisoma karatasi zote za zamani, hakuna pahala palipoandikwa kuwa wanawake wasimame. Nani aliyeanza?

Miyaa ilikuwa magotini kwake, na mikono juu yake, mitupu.

"Mie," akasema. "Nilikuwa kijana, nimefiwa mwaka ule. Na mie niliulizwa suali lile. Si kwenye mchezo."

"Ukajibu nini?"

"Watu walikuwepo, mwanangu. Walioona walikuwepo, wamekaa. Kila mmoja alitazama chini." Akanyoosha mguu mmoja, kwa taabu. "Shamba likenda. Basi sikukuu ile wakatuletea mchezo, na yule mtoto wa watu juu ya jukwaa akaulizwa vile vile. Sikujijua, nimeshasimama. Wenzangu nao wakasimama, sijui kwa kunionea huruma au kwa haya. Kadhi akaduwaa, maskini, karatasi zikamwanguka." Akatabasamu. "Weye wadhani ndiwe wa mwanzo kuubadilisha mchezo? Mie nishaubadilisha, hujazaliwa."

Nilimshika miguu nikaikanda mpaka adhana ya adhuhuri. Nilipoaga, akachukua miyaa yake akaendelea, na mpaka nikapinda njiani nilimuona ameinama, vidole vinakwenda.

Nilirudi Tibirinzi jua la alasiri bado lipo. Funguo za ukumbi ninazo mimi siku hizi. Nikafungua, nikaingia, nikafunga mlango nyuma yangu. Mkeka wake ulikuwa umekunjwa pembeni, nikautandika chini ya dirisha. Nikapanda jukwaani, nikasimama pahala pa kadhi, nikauliza kwa sauti, "Mwanamke, shahidi wako nani?" Suali likenda mpaka kwenye bati, likarudi.

Nikashuka jukwaani, nikaenda nikakaa juu ya mkeka, pahala pake khasa. Nikashika ukuta.

"Mimi hapa," nikasema, nikasimama.